Risala ya Mchumaji Bora

Risala niliiandika mwenyewe, kurasa tatu za daftari, na meneja akairudisha ikiwa imebaki ukurasa mmoja. Pale nilipoomba makoti ya mvua, yeye aliandika tunashukuru kwa mazingira mazuri ya kazi. Pale nilipolalamikia mapaa ya kambi yanayovuja, akaandika tunaipongeza serikali yetu sikivu. Mwisho kabisa nilikuwa nimeweka ombi langu mwenyewe, na hilo alilichora mistari miwili ya kalamu nyekundu, akasema risala si mahali pa kulilia shida za nyumbani. Moyoni nilimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, hata kwa Kibena.

Mimi nilikuwa mchumaji wa chai. Shamba letu liko upande wa Njombe, jina lake nitaliacha. Mbunge alikuwa anakuja Makambako kuwaeleza wafanyakazi wa mashamba sheria ambazo Bunge limepitisha kwa ajili yao, na kila shamba lilitakiwa kupeleka basi la watu. Risala ya wafanyakazi wote ilipewa shamba letu, na shamba letu likanipa mimi, kwa sababu Mei Mosi iliyotangulia mimi ndiye niliyekuwa mchumaji bora. Nilipewa cheti, jiko la gesi la sahani mbili na picha nikishikana mkono na meneja. Cheti nilikitundika mahali ambapo mtu akifungua tu mlango anakiona.

Ombi lililokatwa lilihusu binti yangu. Alikuwa amejifungua mimba ikiwa na miezi saba, mtoto mdogo mpaka kofia waliyomvika ilimfunika macho. Wote wawili walikuwa wodi ya njiti pale Njombe. Muuguzi alitueleza bila kuzunguka: mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka aongezeke uzito. Akitolewa mapema kwenye baridi ile ya Juni, Julai hatutakuwa naye. Alisema hivyo hivyo, kisha akaenda kumwangalia mgonjwa mwingine.

Na binti yangu alikuwa ameshasema kwamba Jumatatu anatoka.

Sababu yake ilikuwa namba. Kwetu kila mchumaji ana namba. Unafika mizanini, unaitaja, karani anapima majani yako na kuandika. Uso wako hauangalii, ana foleni ya watu nyuma yako. Ndiyo maana wengi tulikuwa tunachuma wawili kwa namba moja: mama na mwanawe, dada na mdogo wake, mmoja ameandikishwa na mwingine hayupo kwenye kitabu chochote. Msimamizi anajua. Anajua na anapenda, kwa sababu majani yanaingia mengi na shamba linahesabu mfanyakazi mmoja. Binti yangu alichuma kwa namba yangu misimu mitatu, mpaka siku aliyolazwa, hata tumbo lilipokuwa linamzuia kuinama.

Alipolazwa, kilo zangu zilishuka nusu ndani ya siku moja. Msimamizi, huyo huyo anayejua, akanifuata kwenye mistari ya chai na uso mkavu. Eti mama, umekuwa mvivu baada ya kupewa cheti? Akasema kilo zisiporudi kabla ya mwisho wa mwezi namba itakatwa, na namba ikikatwa chumba cha kambi nacho nikabidhi funguo. Nilimwambia binti yangu yuko wodini. Akaniuliza, binti gani? Jamani! Mtu aliyekuwa akimwita mwanangu kwa jina kila asubuhi akimwonyesha mstari wake.

Nilipopeleka uji hospitali nikamweleza binti yangu, kwa ujinga wangu. Hakulia. Alisema, "Basi Jumatatu natoka, mama. Nitamfunga kifuani nichume."

"Utamuua."

"Na tukifukuzwa kambini nitamlaza wapi? Barabarani?"

"Nitachuma mimi usiku na mchana."

"Acha hizo. Wewe peke yako hujawahi kufikisha zile kilo."

Ilikuwa kweli na ilinichoma, kwa hiyo nikamwambia ana mdomo mchafu, nikabeba chupa yangu ya uji nikaondoka. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mkutano wa Makambako ulikuwa Ijumaa.

Tuliondoka kambini ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai. Makambako walituweka kwenye ukumbi mkubwa wa bati, viti vya plastiki, na harufu ya pilau ikatoka nyuma saa nne asubuhi ili tusiondoke. Mheshimiwa alitakiwa saa nne. Alifika saa saba. Wakati huo wote mshereheshaji alitufundisha namna ya kusimama na kupiga makofi, sisi watu wazima wenye wajukuu, kaeni, simameni, kaeni. Nilikuwa nimekalia kiti cha mbele na ile karatasi moja mkononi. Kila nikifikiria Jumatatu nilitamani kumpiga mtu.

Sitasema mbunge huyo alikuwa wa jimbo gani wala alipataje kiti chake. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa kitenge kilichoshonwa na fundi anayejua kazi, na nyuma yake kijana mwenye kamera mbili. Akasalimia, "Kamwene!" Ukumbi ukaitika, "Kamwene!" Akasalimia tena, tukaitika tena. Mara ya tatu nilinyamaza. Salamu ya kwetu mtu husalimiwa mara moja, akishaitika anaulizwa habari za nyumbani. Yeye habari zetu hakuuliza.

Niliitwa kusoma. Nilisoma tunashukuru, nikasoma tunapongeza, nikasoma tunaahidi kuchapa kazi. Nilisoma haraka kama ninayekunywa dawa chungu. Nilipofika mwisho, mahali ombi langu lilipokuwa, meneja alinikazia macho kutoka meza kuu, na mimi, mwenye mdomo kambi nzima, nikasema, "Naomba kuwasilisha." Nikarudi kitini najichukia.

Halafu yeye akasimama na kijitabu. Ganda la mbele lilikuwa na picha yake anacheka, ndani zimeorodheshwa sheria. Alituhesabia moja moja, na kila moja aliimalizia kwa kuuliza, "Je, hilo si jambo la kupigiwa makofi?" Bima ya afya kwa wote, makofi. Mikataba ya kazi, makofi. Marekebisho haya, maboresho yale, kifungu kidogo cha ngapi sijui. Mimi mwenyewe nilisimama bungeni nikachangia, alisema. Mimi mwenyewe nilimbana waziri. Mimi ni mama kama ninyi. Thubutu! Nilitazama mikono yake pale kwenye kipaza sauti. Mikono ya mchumaji huwa myeusi kwenye vidole, utomvu wa chai hautoki hata kwa mchanga, na ile yake ilikuwa laini na safi. Mwenzangu wa pembeni alikuwa amelala amekaa, anaamshwa na makofi na kupiga yake.

Kisha akageuza ukurasa akasema, "Na sasa hii nimeibakiza makusudi. Akina mama waliojifungua njiti."

Niliamka mwili mzima.

Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema zamani mama akijifungua kabla ya wakati likizo ilianza kuhesabiwa kama kawaida, mtoto bado yuko hospitali na siku za mama zinakwisha. Sasa sheria imebadilishwa. Siku zote zilizobaki kufikia wakati ambao mtoto angezaliwa zinaongezwa kwenye likizo, na mwajiri hana ruhusa ya kumgusa mama huyo. Anabaki na kazi yake, analipwa, mtoto anakua. Akashusha kijitabu akauliza kwa sauti ya upole, "Humu ndani yupo mama wa njiti? Nimwone tu, nifurahi."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama na nasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, "Binti yangu! Yuko wodini Njombe na mtoto, na Jumatatu anatoka kurudi shambani kwa sababu wanataka kumfukuza!"

Ukumbi uliamka. Mheshimiwa uso wote ulimng'aa, akanifuata, akanishika mkono akanipandisha jukwaani. Kamera ikaja karibu na pua yangu. "Mchumaji bora!" akasema. "Na bibi wa njiti! Huyu ndiye niliyemtungia sheria!" Akamgeukia meneja mbele ya watu wote. "Meneja, binti wa mchumaji wako bora yuko likizo au hayuko?"

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mwanamke kwa ile dakika. Meneja alisimama anafunga kifungo cha koti. Alisema kampuni inafuata sheria kwa kila mfanyakazi wake, pengine kuna kasoro ndogo ya mawasiliano, na kama nitataja namba ya binti atapiga simu ofisini hapo hapo, jambo liishe kabla ya chakula.

"Haya mama," mheshimiwa akanisogezea kipaza sauti. "Namba ya binti."

Ningeweza kuzirai. Ningeweza kusema sikumbuki. Nilimtafuta msimamizi kwa macho, nikamwona anasoma ile dari ya bati. Nikamfikiria mtoto na ile kofia, nikaona hakuna mlango mwingine, nikasema, "Hana. Anachuma kwa namba yangu. Misimu mitatu. Wanajua wote hawa, muulizeni msimamizi, muulizeni karani. Kazi anafanya ila jina hawajaandika."

Watu wa mashamba yote wakatazamana. Kisha kutoka nyuma sauti ya mwanamke, "Umetuua wewe!" Na nyingine, "Kaa chini, shetani mkubwa!" Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nusu ya ule ukumbi walikuwa wanachuma wawili kwa namba moja, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mameneja wao wote nikawaanika.

Mheshimiwa hakuwa mjinga. Laiti angekuwa. Alinitazama, akatazama ile karatasi yangu, akasema polepole, "Subiri kwanza. Kwa hiyo zile kilo za mchumaji bora zilikuwa za watu wawili?"

Watu wakacheka. Walicheka na hasira zao, wakanizomea, nikasikia jina langu likitajwa pamoja na jiko la gesi.

"Na kuandikishwa je?" akauliza. "Shamba liliwahi kukataa kumwandikisha binti?"

Halikukataa. Mwaka uliopita karani alipita kambini akiandikisha wachumaji wapya, mlango kwa mlango. Binti yangu alikuwa ameshavaa viatu atoke. Nilimzuia mimi. Nilimwambia karani bado mdogo, hana mkono mzuri, nitamfundisha kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na mkono wake ulikuwa unaushinda wangu. Nilijua kilo zikigawanywa kwenye namba mbili sitaitwa Mei Mosi. Nilitaka niitwe. Miaka ishirini na mbili nimechuma chai ya watu bila mtu kuniita popote, nikataka siku moja niitwe kwa kipaza sauti nisimame. Binti yangu hakunisemesha wiki nzima, na mimi nikasema atapoa.

Hayo sikuyasema pale jukwaani. Lakini jirani yangu wa kambini, aliyesikia yote kupitia ukuta wa mbao, alisimama kutoka mstari wa tano akapayuka, "Karani alikuja! Yeye ndiye aliyemkatalia mtoto!"

Mheshimiwa akageukia ukumbi, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mnaona, ndugu zangu? Bunge limefanya kazi yake. Sheria ipo, likizo ipo. Mama, likizo ya mwanao hakuila meneja, wala sikuila mimi. Umeila wewe."

Makofi yaliyopigwa hapo hayakuwa ya kufundishwa. Yalikuwa ya kweli, ya kwanza siku nzima, na watu walipiga wakiniangalia machoni.

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Na nilimchukia zaidi kwa sababu alisema nusu, akaona imetosha. Nikavuta kile kipaza sauti, vidole vyake vikabaki hewani. "Sawa, nimeila mimi," nikamwambia. "Na wewe ulimwandikia nani sheria, kama hujui chai inavyochumwa? Humu nusu yao hawana majina. Umepita kwenye mashamba yetu na gari, ulishuka mara ngapi? Ungemuuliza hata mtu mmoja mizanini, mama, mko wangapi kwenye namba hii? Mmoja tu!"

Alitabasamu kwa ajili ya kamera. Alisema hoja imepokelewa na italetewa majibu, akamwita shekhe na mchungaji wabariki chakula. Mshereheshaji akanishika kiwiko akanishusha. Pilau sikula. Kwenye basi la kurudi viti vyote vilijaa isipokuwa kile cha pembeni yangu, na mwanamke mmoja, mtu ambaye nilimzalisha mimi mwenyewe mvua ikinyesha kambini, alitema mate dirishani nilipomsalimia. Meneja hakunisubirisha hadi mwisho wa mwezi. Kabla hatujafika Njombe msimamizi alipokea simu yake mle basini, akanigeukia akaniambia: namba imekatwa kwa udanganyifu, funguo za chumba nirudishe baada ya siku saba.

Nilishuka Njombe mjini nikaenda wodini kwa miguu. Nilikuwa nimepanga njia nzima jinsi nitakavyomweleza, nianzie kwa meneja, nimtukane mheshimiwa, mwisho ndiyo niseme kidogo kuhusu mimi. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, mtoto amefungwa kifuani kwa kitenge, simu pembeni. Walikuwa wameshamtumia video. Watu wa kambini wana bando la kutuma aibu, la kuuliza hali ya mgonjwa hawana.

Nilisimama pale mlangoni. Nilisema, "Nisamehe." Neno hilo sijui kama niliwahi kumwambia mtu niliyemzaa.

"Wamekufuta?" akauliza.

"Wamenifuta."

Alifikiri. Niliona anafikiri, hakuwa na hasira usoni, na hilo liliniogopesha kuliko kupigiwa kelele. Kisha akasema, "Vua sweta. Na blauzi."

"Ya nini?"

"Muuguzi amesema hata bibi anaweza. Kifua ni kifua. Vua."

Alimfungua mtoto, akamweka juu ya kifua changu, kichwa chini ya kidevu changu, akanifunga kitenge kwa nguvu mpaka nikakohoa. Mtoto alikuwa na moto mdogo, pumzi za haraka haraka. Nikaanza kulia na yeye akanikataza, akasema kifua kikitikisika mtoto hapati usingizi.

"Jumatatu wataandikisha watu," alisema akivaa viatu. "Baada ya ulichokifanya wasio na namba wataogopa kutokea, watapungukiwa mikono wiki nzima. Mkono wangu wanaujua, ni jina tu hawana."

"Sheria inasema ukae hapa," nikamwambia. Nilimwambia hivyo mimi, niliyetoka kuitukana. "Inasema mama wa njiti asiguswe."

"Inasema mfanyakazi, mama. Mimi sijawahi kuwa mfanyakazi. Naenda kuwa."

Muuguzi alimgombeza sana. Wakabishana Jumamosi yote, mwisho wakakubaliana kwamba atakamua maziwa asubuhi, nimnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo chini ya macho ya muuguzi, na jioni arudi alale naye. Jumatatu aliandikishwa. Karani alimsomea haki zake zote kutoka kwenye kile kile kijitabu chenye picha ya mheshimiwa, maana vilikuwa vimegawiwa kila shamba. Akamwambia kuanzia siku ile ana haki ya likizo ya uzazi, akijaliwa mtoto mwingine. Akamwonyesha pa kutia sahihi.

Aliporudi jioni ile blauzi yake ilikuwa imelowa mbele kwa maziwa, na vidole vimeshaanza kuwa vyeusi. Hakunisalimia. Aliuliza kama mtoto amekunywa, nikasema amekunywa, akamchukua. Asubuhi iliyofuata alimrudisha kifuani kwangu bado giza halijaisha vizuri, akakamua, akafunika kikombe kwa sahani. Alikuwa na siku kumi na moja tangu ajifungue, na alishuka kitandani ameshika kiuno. Nikamwambia mwanangu, leo usiende, pumzika japo siku moja tu.

"Wewe ndiye uko likizo, mama," akasema, akachukua kapu akatoka.